Lori Lililolowa

Benita alikosea tena, palepale alipokosea jana na juzi. Wenzake wa darasa la awali, wote thelathini na wawili, walikuwa wameshakivuka kitanza ndimi cha "lori lililolowa lilirudi likalala" bila kuteleza. Yeye alifika kwenye "lilirudi" akakwama, akainamisha kichwa.

Utaratibu ulikuwa wa Mwalimu Faudhia mwenyewe: aliyeweza anaruhusiwa kwenda nyumbani, aliyekwama anabaki, wanarudia pamoja polepole. Na kwa kuwa mtoto hafundishiki akiwa na njaa, mwalimu alikuwa akija na chupa ya uji kutoka kwake, awape waliobaki. Mwanzoni walibaki tisa. Sasa alibaki Benita peke yake. Alikunywa nusu kikombe, nusu akaimimina kwenye kopo lake, eti ameshiba.

Mwalimu mkuu, Mansuri, hakuwa na imani na michezo ya maneno. Alisema mtoto mwenye ulimi mzito namna ile apelekwe hospitali Kabanga akaangaliwe, na Ijumaa asipotamka atarudia awali mwaka mzima. Faudhia alimtetea. Chuoni walimwambia hakuna ulimi usiofunguka ukichezewa kwa upendo, naye aliamini.

Alhamisi, masomo yalipokwisha, alikwenda kwao Benita azungumze na mama yake. Jirani alimwambia mama katoka alfajiri, yuko kwenye kibarua cha kupalilia maharage ya watu huko Makere. Watoto wapo nyuma ya nyumba.

Faudhia akazunguka. Kabla hajafika konani, akasikia sauti anayoijua: "Lori lililolowa lilirudi likalala." Mara tatu mfululizo, safi, haraka kama maharage yanayomwagwa kwenye ungo.

Machozi yalimlengalenga. Kesho Mansuri atasikia kwa masikio yake.

Akachungulia. Benita alikuwa amechuchumaa mbele ya mdogo wake, Ildefonsi, ambaye Jumatatu angeanza awali. Kati yao lilikuwa lile kopo, limelambwa likabaki linang'aa.

"Haya, na wewe," Benita alisema.

Ildefonsi akavuta pumzi, akaisema yote, neno kwa neno, bila kukosea. Akacheka kwa furaha.

Benita hakucheka.

"Siyo hivyo, Fonsi. Ukisema hivyo utarudishwa nyumbani na njaa yako. Fika kwenye 'lilirudi', halafu ukwame. Na kichwa ukiinamishe."