Kobe, Miaka Minane

Kobe alijaza fomu kwa kidole kimoja, ulimi nje. Umri: miaka minane. Haukuwa uongo mtupu, nane ilikuwamo. Fomu ikadai idhini ya mzazi. Akajiidhinisha. Wivu ukishapanda, sheria hupita pembeni.

Kabla ya tableti, Kijiko alikuwa wake. Kila alasiri walicheza drafti kwa vizibo vya chupa, wakitukanana kwa heshima. "Leo nakufunga mpaka uombe maji," Kijiko alikuwa akitamba, kisha akifungwa yeye. Siku hizi Kijiko alikuwa akirudi kutoka shule, akitupa shikamoo mlangoni kama begi, akizama ndani ya Kiota, uwanja wa mtandaoni ambako watoto hujenga nyumba na kupiga soga.

"Drafti?"

"Kesho. Malkia Nyuki ananingoja."

Kesho hiyo ilikuwa na siku kumi na tisa sasa.

"Mwacheni acheze," mama yake Kijiko alisema kutoka jikoni. "Hicho Kiota nimekikagua wiki mbili. Wanaingia watoto tu, na wanalindana wenyewe kuliko askari."

Ndiyo maana leo Kobe alikuwa amejifungia chumbani, simu puani, ameapa kumfichua mwizi wa marafiki. Lazima ni jitu zima. Mtoto gani anajiita Malkia?

Akaingia. Kijiko na Malkia Nyuki walikuwa wakiezeka paa.

"Karibu Kobe," Kijiko akaandika. "Shika nyundo."

Alipigilia misumari, akasifiwa, akasahau hata mgongo wake. Kisha wivu ukamwasha tena.

"Huyu Malkia hajui kuezeka. Kijiko, njoo tucheze drafti."

Malkia Nyuki aliweka nyundo chini. Halafu akaandika: "Kobe, shikamoo."

Kidole kikawahi kabla ya kichwa: "Marahaba."

"Kanasa," akaandika Malkia. "Kijiko, bonyeza kengele."

Kioo kikawa cheusi. Sebuleni kikapasuka kigelegele: "Mama! Tumekamata mtu mzima Kiotani!"

Miguu ikaja mbio. Mlango ukagongwa.

"Babu! Babu, hutaamini! Kaingia kwa jina la Kobe, eti anataka tucheze dra..."

Nyuma ya mlango vizibo vikalia mfukoni mwa kaptula, na sauti ikaja taratibu:

"Shikamoo, Kobe."