Ramani ya Korongo

Siku moja Korongo, afisa mipango wa jiji, aliwaletea wanyama wa mtaa wa Bondeni ramani ya soko jipya. Chura hakutulia. Alirukaruka mkutanoni mpaka akaulizwa ana nini.

“Hapo mlipochora soko, masika maji hupita.”

“Mama Chura, nimeruka juu ya mtaa huu mara tatu. Ni uwanja mkavu.”

Kunguru akacheka. “Na wewe mafuriko yanakuhusu nini? Si utaogelea?”

“Mimi nitaogelea. Watoto wa Sungura, je?”

Korongo alipoanza kukunja ramani, Chura akapiga kelele: “Jamani, kila mmoja akasimame anapokimbilia masika!”

Mkutano ukavurugika. Sungura akakusanya watoto wake akapanda nao mlimani, Kobe akajikokota nyuma yao. Korongo akaruka kutazama. Wanyama wote walikuwa wamejazana huku na huku kwenye kingo za bonde. Katikati, palepale alipochora soko lake, nafasi tupu ilijipinda kama mto.

Akashuka, akampa Chura kalamu.

“Chora wewe, Mama. Mimi nitaruka nikupimie.”

Chura akaketi, mara ya kwanza siku hiyo.

“Tumngoje kwanza Kobe arudi.”