Uzi Uliobaki Ndani

Mtoto aliamka usingizi wa mchana akilia kilio kisichosikia ziwa wala kubembelezwa.

"Tumbo tu hilo," alisema mama mkwe, macho kwenye cherehani. "Na usimvue, baridi itamwingia."

Mama mtoto akamvua. Ile nguo ya kulalia, zawadi aliyoishona bibi yake, ilifunika hadi vidole vya miguu, nayo upande wa kushoto ikagoma kutoka. Akaikunja taratibu, ndani nje.

Uzi mmoja uliosahauliwa kwenye mshono ulikuwa umekizunguka kidole kidogo cha mguu, ukazama nyamani. Kidole kimevimba, kimeiva kama zambarau.

"Mama! Njoo!"

Cherehani ikanyamaza. Bibi akainama, akautambua uzi wake. Miaka yote aliwatania wateja: nje pawe safi, ndani nani anachungulia?

Akavua mkasi mdogo uliokuwa ukining'inia shingoni, akamnyooshea mkaza mwanawe.

"Kata wewe, mwanangu. Mimi siwezi."

Mama mtoto akaurudisha mkasi kiganjani mwa mama mkwe.

"Wewe ndiye fundi, mama," alisema, akaushika mguu wa mwanawe kwa mikono miwili ili usicheze.