Zamu ya Kisimani

Telesfori alishushwa kwa kamba ndani ya kisima ambacho wanaume wa kijiji cha Litapunga walikuwa wakikichimba kwa zamu. Alipofika chini, aliiacha sururu ilale. Mikono yake ilikuwa imechoka hata kabla ya kazi.

"Jamani," alisema, maana huko chini hakuna aliyeuona uso wake, "tangu redio itangaze mauaji ya kwetu Burundi, silali. Jana niliiangalia kamba hii nikawaza kujimaliza."

Kisha kamba ikamkaza kiunoni, ikazidi kumkaza, kama vile kila mtu ameishika.

"Mpandisheni polepole," alisema msimamizi wao, mtu mkali ambaye zamu yake ilikuwa imeshapita. Akakohoa. "Akishatoka, nishusheni mimi tena."