Kiingereza cha Mzee Kalisti

Ngoja nikutegee wewe unayesoma: nimebebwa mdomoni kutoka kambini mpaka Teksasi, miaka na miaka sijafunguliwa, siku niliyofunguliwa, nilizima moto ambao haujawashwa. Mimi ni nini? Usihangaike. Vuta kiti hapa, jibu lina miguu, litakuja lenyewe.

Liliane alikuwa ameshika sahani ya chapati kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya aliyekufa. Chapati zilipitishwa juu ya ua na Njoroge, jirani yao Mkenya, nesi, mtu anayemwacha mbwa wake amlambe mdomo kisha anacheka. Kumbe mikono hiyohiyo ndiyo iliyokanda unga!

"Mama Diane, karibuni chapati," Njoroge alisema, mbwa akihema kando yake. "Na msiwashe fataki, eh? Hapa Grand Prairie haziruhusiwi, na hizi nyasi zimekauka kabisa. Polisi watakuja."

"Asante, jirani."

Alipogeuka tu, chapati zote zikaingia kwenye pipa la taka. Liliane akanawa mikono mara mbili.

Na nani alikuwa na fataki? Mumewe Méthode alifanya kazi ghalani, akapanga moto wa mkesha wa mwaka mpya kama anavyopanga mizigo. Shimo katikati ya uwanja, mbali na ua wa mbao, limezungushiwa mawe. Ndoo za mchanga huku, mpira wa maji kule, viti vya watoto nyuma ya kamba. Fataki wangeziangalia za watu wengine, kwa mbali, kisha waende misa.

Méthode alikuwa na sababu ya kuhangaika. Siku hiyo Mzee Kalisti, baba yake Liliane, alikuwa anakula kwa mkwewe kwa mara ya kwanza. Akiondoka na kinyongo, Liliane alijua, hatakanyaga tena nyumba ile.

Mzee akafika kutoka Euless, mji wa jirani, amekumbatia mfuko mrefu. Kabla hajakaa, akatoa mzinga wa fataki mnene kama paja.

"Nimeununua nje ya mji, pale barabarani," akasema. "Tangu lini wanaume wanakaribisha mwaka kwa kuota moto kama paka? Huu nitauwasha mimi mwenyewe!"

Wageni wakapiga makofi. Mzee akausimamisha mzinga ndani ya kreti ya bia, ukainama kuelekea kwenye ua. Akatema mfupa wa mbuzi kwenye nyasi, akajipangusa mafuta kwenye suruali. Liliane akaangalia pembeni. Mbele ya wageni, baba!

Méthode akautazama mzinga, akautazama ua, akamtazama binti yake Diane.

"Mkataze basi," Liliane akamnong'oneza.

"Nimkataze baba mkwe? Nyumbani kwangu? Mwambie wewe, ni baba yako."

"Baba akishasema mbele za watu harudi nyuma. Si unamjua?"

Basi wakabaki wanatazamana, kila mmoja akichukizwa na ukimya wa mwenzake.

Diane akainama kwenye mzinga. "Babu, maelekezo yameandikwa kwa Kiingereza. Wewe unajua Kiingereza?"

"Najua neno moja. Tulifundishwa kambi ya wakimbizi, kwenye darasa la wasafiri wa Marekani. Linatosha."

"Neno gani?"

Mzee akacheka, bia ikatikisika kwenye glasi na kumwagikia goti lake. Akapapasa mfuko wa koti, akaomba aonyeshwe choo.

Alikaa huko mpaka wakaanza kumtania kwamba mbuzi amelipiza kisasi. Aliporudi, hakuwa na haraka tena. Kwanza akahadithia ng'ombe wa marehemu baba yake, mmoja mmoja, pamoja na pembe zao. Kisha akataka watu wasimame wamwombee mwenye nyumba. Ndipo akachukua kiberiti. Njiti ya kwanza ikavunjika. Akatazama barabarani. Ya pili ikavunjika. Akatazama tena barabarani.

"Leta nikusaidie, mzee!" mgeni mmoja akapaza sauti.

"Kaa chini! Nimesema mimi!"

Ya tatu ilikuwa bado mkononi king'ora kilipolia. Gari jekundu la zimamoto likasimama mlangoni, na nyuma yake la polisi. Mzinga ukabebwa kama mlevi, makofi yakafa, na Mzee Kalisti akajikokota kwenda kukaa peke yake.

Liliane hakuhitaji kuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye ua.

"Njoroge! Toka nje, mnafiki wewe! Unatuletea chapati kwa mkono mmoja, kwa mwingine unatuitia polisi! Umemwaibisha baba yangu mbele za watu. Wewe na huyo mbwa wako mnaelewana kwa sababu ninyi ni kitu kimoja!"

Akatema mate chini.

Njoroge alizunguka akaja kwenye uwanja wao. Akazungumza na polisi kidogo, kisha akamgeukia Liliane.

"Mama Diane, mimi ningepiga simu si ningeongea tu Kiingereza? Huyu afisa anasema aliyepiga hakujua Kiingereza hata kidogo. Alirudia neno moja tu, mpaka wakamtafutia mkalimani."

"Neno gani?" Liliane akauliza, midomo bado imekunjamana.

Kabla Njoroge hajasema, Mzee Kalisti, aliyekuwa amekaa nyuma ya kamba kwenye kiti cha mtoto, akamrudishia Méthode kiberiti chake.

"Swahili," akasema.