Sauti ya Marehemu Dayalji

Tangu mwili wa marehemu mumewe, mzee Dayalji, uchomwe, kama ilivyo desturi ya Wahindu, bibi Kantaben hakutamka neno. Alilala akitazama ukuta, na uji aliolishwa ulimtoka pembeni mwa mdomo.

"Wimbo wa Mungu ndio utakaomrudisha," alisema binti yake, Pushpa, akiwasha taa ya samli. "Ila ukishauanza, wifi, usiukatize. Ni mwiko."

"Na wewe waenda wapi?" aliuliza Hansa.

"Sokoni. Mimi nimemwimbia hadi koo limekauka. Au wewe ni mkaza mwana wa kula tu?"

Hansa akacheka, akaketi kando ya mkwewe, akaanza kuimba. Kila ubeti ulimlegeza mabega, moyo ukatulia kama maji mtungini. Alipofika katikati akasahau, ulimi ukagoma.

Kantaben akafumbua kinywa, akautoa mstari uliofuata. Sauti ilikuwa nzito, ya kiume, ya mzee Dayalji hasa.

Nywele zilimsimama Hansa. Alitamani kukimbia, lakini je, mama wa watu akirudi kwenye ububu wake? Akajikaza, akaidaka sauti ile, wakaimba pamoja hadi mwisho.

"Ahsante, mwanangu," alisema Kantaben, sasa kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. Kisha akafumba kinywa.

Ile sauti nzito haikunyamaza. Iliuanza wimbo upya, ikitokea mlangoni, ikisogea polepole.

Kantaben akatabasamu, akajivuta ukutani, akaacha nafasi ya mtu kitandani.