Presha ya Siku ya Kupimwa

Mkanda wa kupimia presha ulikuwa haujajazwa hata upepo, na mzee alishaanza kutoka jasho.

"Tulia, mzee wangu," nesi alimwambia. "Leo hakuna sindano."

Kwenye zahanati ya jirani na kwake, presha yake ilikuwa safi kabisa. Lakini hapa, kwenye kituo cha utafiti wa moyo ambako walikuwa wakimfuatilia tangu nywele zake zikiwa nyeusi, siku hizi ilipanda mpaka madaktari wakatazamana. Kituo huwaita watu mtaa kwa mtaa, kwa hiyo siku ya mtaa wao benchi la nje lilijaa soga za majirani waliozeeka pamoja wakipimwa.

Wafanyakazi walishapata jibu lao: mzee kamzimikia nesi. Mjane, kanyoa ndevu, shati limepigwa pasi likanyooka. Mnataka ushahidi gani tena? Kila mara walimuuliza nesi mahari ni kiasi gani. Alicheka weee, mwisho akachoka.

Binti wa mzee hakuona cha kuchekesha. Alikaa kando ya kitanda, mkoba magotini, akijibu maswali ya utafiti kwa niaba ya baba yake. Chumvi? Hali. Sigara? Kaacha. Anaishi na nani? Peke yake, maskini, tangu mama afariki, ila anajitahidi. Uzeeni huu kajifunza mpaka kushona vifungo. Mzee alitazama dari.

"Nimeshamwambia," binti alisema. "Presha ikiwa juu leo, anahamia kwangu. Siwezi kupigiwa simu kwamba baba kaanguka, hana hata wa kumpa maji."

Mzee alisema hahami. Kila alipoulizwa kwa nini, alirudia tu kwamba hahami, na binti akazidi kumwona mkaidi. Uchungu ulikuwa umewajaa wote wawili.

Nesi aliwahurumia. Kwanza alijitoa yeye mwenyewe: akamwita mwenzake wa kiume, pande la mtu lenye mikono ya baridi, ampime. Presha juu vilevile. Kumbe si mapenzi, nesi akajisemea, na kusema kweli roho ilimuuma kidogo.

Ndipo akamtazama binti. Miaka yote mzee alikuja peke yake. Matatizo yalianza alipoanza kusindikizwa. Na nani asingepanda presha, anajibiwa maswali yake mwenyewe naye yupo anasikia?

"Dada, tusubirie nje kidogo," alisema kwa upole. "Kaa pale benchini na yule mama anayefuata kupimwa, mpige soga."

Binti akatoka, mlango ukafungwa. Nesi akaminya mpira tena bila wasiwasi, maana safari hii alikuwa na uhakika.

Presha ikapanda kuliko siku zote.

"Jamani, mzee, nini tena? Mbona hatusikilizwi na mtu?"

Mzee alimshika mkono, akanong'ona.

"Mrudishe ndani haraka, mwanangu. Yule mama ni mke wangu, mwaka wa pili huu, na siri haimkai mdomoni."